Kupanda Hadi Maporomoko ya Sanje: Mwongozo Kamili kwa Mtembea Milima ya Udzungwa

Ukipanda basi kutoka Kidatu kuelekea Ifakara, kaa upande wa kulia. Kushoto ni mashamba ya miwa hadi macho yachoke. Kulia, milima imesimama kama ukuta, na kabla hujafika Mang'ula utaona mstari mweupe umening'inia katikati ya msitu. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje. Maji yanashuka takriban mita 170 kwa ngazi tatu, na ngazi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Abiria wengi huyatazama kwa mbali, wakaendelea na safari. Huu ni mwongozo wa anayetaka kushuka garini na kupanda kwa miguu yake. Nimechagua Sanje kwa sababu ndiyo ninayoipenda, lakini sehemu kubwa ya haya yatakufaa hata ukienda Materuni kule Uru, Kinukamori pale Marangu, au kwenye mito ya Uluguru juu ya Morogoro.

Kuna jambo moja naomba ulishike tangu sasa, maana hatua zote zinalirudia. Maporomoko hayaanzii pale yanapoanguka. Yanaanzia juu, kwenye msitu usiouona, na mvua iliyonyesha huko usipokuwepo ndiyo inayoamua utakuta nini, utapita wapi, na kama ni salama kuingia majini.

1. Chagua mwezi kwanza, siku baadaye

Upande wa mashariki wa Udzungwa hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na Machi na Aprili ndiyo miezi mizito. Kiangazi ni Juni hadi Oktoba. Mtu husikia hivyo akadhani Aprili ndiyo ya kwenda, kwa kuwa maji ni mengi. Maji ni mengi kweli, ila njia inakuwa utelezi mtupu, vijito vya kuvuka vinajaa, na mawingu yanaweza kuyafunika maporomoko yenyewe usione kitu.

Kwangu mimi wakati bora ni Juni na Julai. Mvua imekatika, lakini msitu bado unayo akiba. Ndiyo kazi ya msitu wa asili: mvua inaanguka kwenye majani na udongo uliofunikwa na majani makavu, inazama polepole, kisha inaachiliwa kidogo kidogo kwenye vijito miezi baada ya mbingu kukauka. Ndiyo maana hata Septemba utayakuta maji Sanje, ingawa ni membamba zaidi. Oktoba nenda ukiwa na nia ya kutembea na kuogelea, si ya kuona maji yanayonguruma.

Novemba na Desemba kuwa mwangalifu. Mvua za mwanzo huja kwa ghafla, ardhi ikiwa bado kavu na ngumu, na mto hupanda haraka.

2. Pima miguu yako

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, haina barabara za kuzungukia kwa gari kama Mikumi. Hapa ni kwa miguu tu. Njia za maporomoko ziko za aina tatu kwa uzito.

Nyepesi kabisa ni ile ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula. Yamepewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyehudhuria ufunguzi wa hifadhi. Ni mwendo mfupi, na ukiwa na wazazi wazee au watoto wadogo, waanzishie hapo. Ya kati ni Sonjo, ambako kuna maporomoko mawili na kupanda kwa wastani. Sanje ndiyo inayotaka pumzi: mzunguko wa takriban kilomita 5 unaochukua kama saa nne, wenye vipande ambavyo goti linapanda hadi kifuani.

Jipime hivi kabla hujaondoka nyumbani: tafuta jengo la ghorofa nne, panda na kushuka ngazi mara sita bila kukaa. Ukimaliza unahema lakini bado unaweza kuzungumza, Sanje utaiweza. Ukishindwa, fanya zoezi hilo kwa wiki tatu ndipo upange safari.

3. Kufika Mang'ula

Kutoka Dar es Salaam una njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni basi la moja kwa moja la Ifakara, ushuke Mang'ula. Ya pili ni treni ya SGR hadi Morogoro, kisha uende kituo cha mabasi cha Msamvu utafute gari la Ifakara. Njia zote zinapita Mikumi, na kutoka Mikumi mjini hadi Mang'ula ni karibu kilomita 60. Treni ya TAZARA nayo inapita Mang'ula na safari yake ni nzuri, ila ulizia ratiba ya wiki hiyo hiyo kabla hujapanga lolote.

Fika siku moja kabla. Anayetoka Dar alfajiri akitaka kupanda mchana ule ule anaingia msituni amechoka, jua limeshapita, na saa hazitoshi. Nyumba za wageni zipo Mang'ula za bei ya chini na za kati. Chagua yenye chandarua kisichotoboka, kwa sababu Bonde la Kilombero lina malaria. Si bure kwamba kituo cha utafiti wa magonjwa ya kitropiki kilianza Ifakara tangu 1956.

4. Malipo na mwongozaji

Pita makao makuu ya hifadhi jioni ile ile uliyofika. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kiwango chake ni cha chini sana ukilinganisha na cha mgeni, basi usisahau kitambulisho cha taifa. Kulipa jioni kunakupa nafasi ya kushughulikia mtandao ukigoma, na asubuhi unaondoka bila foleni.

Njia ya Sanje haipandwi bila mwongozaji au askari wa uhifadhi. Usiione kama gharama ya lazima tu. Tembo wa Udzungwa hupanda hadi ndani ya msitu mnene, na katika msitu ule mnyama mkubwa kama nyumba anaweza kusimama hatua ishirini kutoka kwako usimwone. Mwongozaji anajua kusoma kinyesi, tawi lililovunjwa na ukimya wa ndege. Akisema tusimame, simama. Akisema turudi, rudi, hata kama umebakiza dakika kumi kufika.

Muulize maswali mawili jioni hiyo: "Jana na leo mvua imenyesha juu?" na "Mto umekaaje?" Majibu yake yana thamani kuliko utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kwa sababu simu itakupa habari za bonde wala si za mlima.

5. Mfuko wa mgongoni

Maji lita mbili kwa kila mtu. Msituni ni joto lenye unyevu na jasho halikauki mwilini. Mto ni mweupe na unavutia, lakini nyani, tembo na binadamu wako juu yako, basi usinywe bila kuchemsha au kutia vidonge vya kutibu maji.

Chakula kisichoharibika: mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, karanga, chapati. Wali wenye mchuzi uache kwa mama ntilie. Ukimwagikia mfuko saa 3 asubuhi utanuka siku nzima na kuita siafu.

Viatu ni buti au raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa. Kandambili na yeboyebo zibaki kwa ajili ya bafu. Vaa suruali ndefu nyepesi, soksi ndefu unazoweza kuchomekea suruali, na shati la mikono mirefu. Jeans ikilowa inakuwa mzigo na haikauki.

Ongeza kanga au kikoi. Hakuna kitu kimoja chenye kazi nyingi hivyo: taulo, pazia la kubadilishia nguo, mkeka wa kukalia, kitambaa cha kufunga mkono ulioteguka. Chukua pia koti la mvua, bendeji pana, plasta, tochi hata kama unategemea kurudi mchana, na kisanduku cha plastiki chenye mfuniko mkali kwa simu na kitambulisho. Usije na mifuko ya plastiki ya kubebea. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na msituni ndiyo mahali pa mwisho inapostahili kuwa.

6. Panga saa kuanzia mwisho

Watu hupanga saa ya kuondoka halafu wakaacha ya kurudi ijipange yenyewe. Fanya kinyume. Saa 12 jioni lazima uwe nje ya msitu. Toa saa mbili za dharura, maana mguu ukiteguka mwendo wa saa moja unakuwa wa tatu. Hiyo ni saa 10. Toa saa moja na nusu ya kushuka na dakika chache za kupumzika: saa 8 mchana ndiyo saa ya mwisho ya kugeuka, popote utakapokuwa. Mwambie kila mwenzako saa hiyo kabla ya kuanza, ili isiwe ubishi mkiwa juu.

Kwa upande wa kuondoka, uwe unapanda saa 1 asubuhi au saa 2 kwa kuchelewa sana. Kijiji cha Sanje kiko umbali wa kilomita tisa hivi kutoka makao makuu, ukirudi upande wa Kidatu. Bodaboda au bajaji inatosha, na mwelewane na dereva saa ya kukufuata.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi, nzuri zaidi. Ukuta huu wa milima unatazama mashariki. Asubuhi jua linapiga moja kwa moja kwenye maji, na ukisimama na jua mgongoni utaona upinde wa mvua ndani ya manyunyu. Mchana ukipita, mlima wenyewe unaanza kuweka kivuli na upinde unatoweka. Wanaofika saa 9 huondoka bila kujua walichokosa.

7. Kupanda

Nusu saa ya kwanza tembea polepole kuliko unavyotaka. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote akae mbele, nyuma ya mwongozaji, mwenye nguvu akae mwisho. Kikundi kinachofanya kinyume hukatika vipande viwili ndani ya saa moja.

Kanyaga kwa unyayo wote, si kwa vidole. Mizizi iliyolowa inateleza kuliko mawe, basi ivuke badala ya kuikanyaga. Gogo lililolala njiani lisirukwe: panda juu yake kwanza, tazama upande wa pili, ndipo ushuke, kwa kuwa nyoka hupenda kulala kwenye kivuli kile. Usishike mti bila kuutazama. Mingine ina miiba, na pembezoni mwa msitu kuna upupu, ambao maganda yake yana manyoya yanayowasha ajabu. Ukiguswa nao usikune wala usisugue. Bandika plasta juu ya ngozi uing'oe ili manyoya yatoke, kisha osha kwa maji mengi. Mkikuta siafu wamekata njia, piteni kwa kukimbia hatua ndefu, na asiwepo wa kusimama kupiga picha.

Ukitulia utaona wenye nyumba. Mbega wekundu wa Udzungwa hurukaruka juu kabisa ya miti. Chini zaidi, mara nyingi ardhini, yuko mangabei wa Sanje, nyani wa rangi ya kijivu ambaye wanasayansi walimtambua 1979 katika msitu huu huu na akachukua jina la mahali. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Haishi popote duniani nje ya Udzungwa. Msisimame njiani mwake na msimrushie ndizi: akizoea chakula cha binadamu atashuka mashambani, na huko atauawa.

8. Ukifika kwenye maji

Hatua hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Jambo la kwanza ukifika si kuvua viatu. Tafuta jiwe dogo, liweke pale pale maji yanapoishia ukingoni, na ulikumbuke. Kila baada ya dakika kumi litazame. Jiwe likiwa limezama, mto unapanda, na huna muda wa kujadiliana.

Mvua ikinyesha juu mlimani, chini unaweza kuwa unaota jua. Dalili ni hizi: maji meupe yanaanza kuwa ya rangi ya chai, majani na vijiti vinaongezeka juu ya maji, mngurumo unabadilika na kuwa mzito, na pengine harufu ya udongo inakujia. Dalili moja inatosha. Toka majini, panda ukingo kwenda juu moja kwa moja, wala usikimbie kufuata mto kuelekea chini. Mfuko ulioachwa ng'ambo uache. Mito ya mlima mkali hupanda haraka na mara nyingi hushuka ndani ya saa chache, basi aliyekatiwa ng'ambo na asubiri. Asivuke.

Kisha mawe. Jiwe jeusi linalong'aa lina utando wa mwani na linateleza kama sabuni. Jiwe lililopauka na kukauka ndilo la kukanyaga. Niliwahi kuteleza kwenye jiwe jeusi nikiwa nimesimama tu, sikuwa hata natembea, na kiwiko kilichukua wiki mbili kupona.

Mahali pa hatari kuliko pote ni juu, kwenye ukingo maji yanapoanzia kuanguka. Ngazi za juu za Sanje zina madimbwi mazuri, na kutoka hapo Bonde la Kilombero linaonekana lote, miwa na mto kwa mbali. Kwa uzuri huo mtu husogea hatua moja zaidi kutafuta picha. Kaa mbali na mdomo wa maporomoko angalau mara tatu ya urefu wako, na usiingie majini juu yake hata kama yanafika kwenye kifundo cha mguu. Maji ya kifundo yanayokwenda kasi juu ya mwani yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Kuogelea ruhusa uipate kwa mwongozaji, na ni kwenye dimbwi lililotulia tu. Usijirushe kwa kichwa, kwa sababu gogo lililoletwa na mvua ya wiki iliyopita halionekani. Usiende chini ya maji yanayoanguka. Jiwe au tawi linaweza kushuka nayo, na tena maji yale yenye povu yamejaa hewa, hivyo hayambebi mtu kama maji ya kawaida. Hata mwogeleaji hodari huzama ndani yake. Asiyejua kuogelea aishie magotini. Mtoto ashikwe mkono muda wote, mkono wa mtu mzima asiyeshika simu.

Wengi huuliza kuhusu kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huo hupenda maji ya uvuguvugu yaliyotulia, kama mifereji na madimbwi ya bondeni. Kijito cha mlimani chenye kasi na kivuli kina hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo oga juu, usisubiri kuoga mferejini ukishashuka.

Halafu kaa. Zima simu kidogo utazame kuta zilizo pembeni mwa maji, pale manyunyu yanapofika. Miamba ile ina mimea na wadudu wanaoishi kwa umande huo tu. Kusini mwa milima hii hii, kwenye korongo la Kihansi, palikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingine. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Vinyunyizio vya kutengenezwa viliwekwa, lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Kizazi kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye bustani za wanyama Marekani kilianza kurudishwa Kihansi 2012. Ndiyo maana nakuomba usichume maua kwenye miamba, usikwangue jina lako kwenye mwani, na usioge kwa sabuni. Huo ukuta wenye maji ni makazi ya watu wengine.

9. Kushuka

Ajali nyingi za milimani hutokea watu wakirudi, miguu ikiwa imechoka na akili imeshafika nyumbani. Kula kabla ya kuanza kushuka, si baadaye. Kaza kamba za viatu hasa sehemu ya juu ili vidole visigonge mbele. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi, na penye mteremko mkali geuka ubavu. Fimbo ikae mbele yako. Omba kwa mwongozaji ile iliyokwisha kuanguka, usikate mti.

Mguu ukiteguka, usivue kiatu njiani: utavimba na hakitaingia tena. Zungushia bendeji juu ya kiatu, mtu atembee akishikwa pande zote mbili. Ukiona mfupa umekwenda upande au mtu amegonga kichwa, abaki pale pale, afunikwe kanga apate joto, mwongozaji aite msaada. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Mtakatifu Francis, Ifakara.

10. Jioni hiyo

Vua nguo zote ujikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio. Mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Andika tarehe, na ukipata homa ndani ya wiki mbili mwambie daktari kwamba ulikuwa Kilombero na uliumwa na kupe, akupime na malaria pia.

Buti zilizolowa zijaze magazeti makavu, badilisha kila baada ya saa mbili, uziache kivulini. Ukiziweka juani au karibu na jiko gundi inaachia. Kunywa maji hadi mkojo urudi kuwa mweupe. Lala Mang'ula usiku wa pili, maana mabasi ya kwenda Morogoro na Dar huanza mapema asubuhi, na safari hii utakaa upande wa kushoto.